Chini ya Paa la Mkwe

Mama mkwe wangu ni mtu wa Kongwa, na ana sheria moja ambayo hajawahi kuilegeza: yeye halali usiku chini ya paa la mkwe wake. Kuja anakuja. Anashuka kwenye basi asubuhi, anachukua bajaji mpaka kwetu Area D, hapa Dodoma mjini, anakaa uani kwenye kigoda, anakula, anambeba mjukuu wake, na ikifika alasiri ameshajifunga kanga ya pili anauliza habari za gari. Umsihi, umbembeleze, umwambie barabara ina matengenezo, atarudi Kongwa akalale kwake.

Mimi nimezaliwa Morogoro. Kwetu wakwe tunawaheshimu sana, lakini mkwe akichelewa gari tunamtandikia. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilimsihi. Mwaka wa pili nilinuna. Baadaye nikazoea, nikajifunza na mengine yaliyoandamana na hilo. Hatukai meza moja. Hatupeani mikono. Namwamkia kwa mbali nikiwa nimeinamisha macho, naye anaitikia marahaba akiwa anatazama mnazi wa jirani, ambao kwa Dodoma ni mti wa kutazamwa kweli, ingawa haujawahi kuzaa. Akiwa na neno la kuniambia, anamwambia mtu mwingine aliye karibu, mimi nikiwa nasikia.

Baba mkwe yeye hana shida. Alifanya kazi ya mifugo ranchini mpaka akastaafu, na anasema ameshalala na ndama, hawezi kushindwa kulala na mkwe. Lakini mkewe akisimama, naye anasimama. Kwa hiyo wote wawili walikuwa wageni wa mchana tu.

Kilichoharibu mazoea hayo ni mtoto. Binti yetu alipotimiza miaka miwili akawa na desturi yake. Bibi yake akitokea getini, hata kabla hajaweka mkoba chini, mtoto anainua mkono na kumpungia: "Bai, bibi." Tulicheka. Bibi mwenyewe alicheka, akampungia na yeye. Siku moja mke wangu alicheka na sisi, kisha akaingia jikoni akakawia. Nilimfuata nikamkuta anasugua sufuria iliyokuwa safi.

"Mwanangu anamjua mama yangu kama mtu wa kuondoka," aliniambia.

Alisema hataki makubwa. Alitaka safari moja mama yake akija asirudi jioni, amlaze mtoto usiku mmoja, na mtoto akiamka amkute. Alipojifungua alikwenda kwao akakaa mpaka arobaini ikapita, na bibi ndiye aliyekuwa akimwogesha mtoto na kumkanda. Lakini mtoto wa siku arobaini hakumbuki kitu.

Basi nikafikiri, na nikifikiri huwa najiona mtu wa maana sana. Kama shida ni paa la mkwe, twende kwenye paa lisilo la mkwe. Nje kidogo ya mji, upande wa kwenda Chamwino, kuna lodji nzuri katikati ya mawe makubwa, yenye bustani, bembea na bwawa la kuogelea. Pale mimi ni mgeni kama mgeni mwingine. Tungelala wikendi nzima, wazee wapumzike, mtoto acheze, na mama asiwe amevunja sheria yoyote. Nilimweleza baba mkwe kwa simu. Akasema hoja hiyo hata wazee wa baraza wangeikubali. Kesho yake akapiga mwenyewe: mama amekubali. Mke wangu alipika pilau siku hiyo bila sababu yoyote.

Nikachagua kwenye simu nyumba iliyoandikwa "ya familia". Picha ilionyesha sebule, vyumba viwili na mapazia ya rangi ya zabibu. Nikaona hapo nimemaliza kazi.

Tulifika Ijumaa mchana. Ilikuwa mwezi wa saba, na anayejua Dodoma anajua upepo wa mwezi huo, unaingia kwenye mkono wa sweta na kutokea kwenye kola. Baba mkwe alimwamkia mhudumu wa mapokezi kwa "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, na yule dada, kumbe naye ni wa hukohuko, akaitikia kwa furaha wakaanza kuulizana koo. Mimi nikabeba mizigo. Mama mkwe alikuwa amekuja na unga wa uwele, mlenda mkavu, karanga na shuka zake mwenyewe, kwa sababu hakuwa na hakika watu wa lodji wanakula nini na wanalalia nini.

Baba mkwe akaenda kulitazama bwawa. Alilizunguka lote mikono ikiwa nyuma, akatazama ngazi zinazoshuka kwenye maji, akaja kuniambia kwamba josho lao ni zuri sana ila limekaa vibaya, ng'ombe wakitoka pale watateleza kwenye vigae. Nikamwambia ni la watu. Akauliza watu hao wana kupe? Kisha akamnyanyua mjukuu wake, anayemwita mchumba, akamwambia mchumba wangu wewe huingii humo, tutakuogesha kwa maji ya moto kama binadamu.

Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri. Nilikuwa hata nimeanza kupiga picha.

Mama mkwe aliingia kuikagua nyumba. Alitoka upesi mno. Akaenda kukaa juu ya jiwe karibu na njia ya magari, mkoba wake akaupakata mapajani. Sisi sote tunaujua mkoba ule. Ukiwa chini, bibi yupo. Ukiwa mapajani, bibi anangoja gari.

Nilimuuliza mke wangu nini tena. Akanionyesha kwa macho. Ndani, milango ya vyumba viwili ilikuwa inatazamana, hatua mbili tu kutoka mmoja hadi mwingine, na katikati yake palikuwa na mlango wa tatu. Nyumba nzima ilikuwa na choo kimoja na bafu moja.

Baba mkwe ndiye aliyenipeleka pembeni kunieleza, taratibu, kama anayemwelekeza kijana wa mjini jinsi ya kumfunga ndama.

"Mwanangu, pale pana choo kimoja."

"Lakini baba, mlango una komeo."

"Komeo linamzuia nani kusikia?"

Nisifiche, nilikasirika. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, nimepanga, nimetafuta paa lisilo langu, na sasa mambo yote yanakwama kwenye choo. Nilikwenda mapokezi kuomba chumba kingine, kidogo, popote. Yule dada akanionea huruma kweli. Kulikuwa na semina, na mji huu ukiwa na semina hata stoo inalaliwa. Vyumba vyote vilikuwa na watu wenye vitambulisho shingoni. Nikarudi nikiwa nimejaa maneno. Nilitaka kusema kwamba tumeishi pamoja kama ndugu kwa miaka, kwamba dunia imebadilika, kwamba kila mtu anakwenda chooni hata wabunge. Nilikuwa nimeshafungua kinywa.

Mtoto akanitangulia. Alikuwa amemwona bibi yake juu ya jiwe, na mkoba mapajani. Akasimama, akainua mkono.

"Bai, bibi."

Bibi akampungia. Safari hii hakucheka. Mke wangu aligeuka akawa anatazama mawe kule mbali, na mimi nikawa nimeishiwa maneno yote niliyokuja nayo.

Nikamwambia mke wangu, kwa sauti ya kutosha kufika kwenye jiwe, kwamba mimi narudi kulala nyumbani. Kitanda changu kipo, funguo ninazo. Wao wabaki wanne, choo kitakuwa cha mtu na mama yake na baba yake, hakuna mkwe ndani. Mke wangu akauliza kama sitanii. Nikasema sitanii. Baba mkwe alicheka mpaka akashika kiuno, akasema hajapata kuona sherehe ambayo mwenyewe analala nje, lakini ng'ombe dume akitolewa zizini wengine wanalala vizuri.

Tulikula kwanza. Yaani wao walikula kwenye meza ya bustanini, mimi nikakaa meza nyingine nyuma ya nguzo, nimewapa mgongo. Wale watu wa semina walinitazama kama mtu aliyegombana na familia. Mtoto alikuwa anakimbia kati ya meza mbili akinigawia chipsi zilizokwisha kutafunwa. Nikammiminia soda kidogo. Nyuma yangu nikasikia sauti ikimwambia mtoto, "Mwambie baba yako, mtoto mdogo hapewi soda jioni." Nikaiweka chini ile chupa. Mtoto hakuwa ameniambia lolote.

Nikaondoka jua likizama. Nyumbani nilikula ugali wa jana, nikaoga nikiimba, maana bafu lilikuwa langu peke yangu. Lakini nyumba isiyo na mtoto ina kimya kinachoudhi, na nililala vibaya. Nilikuwa nawaza jambo moja tu, kama mkoba ulishuka mapajani.

Asubuhi niliwahi. Nilipita kununua chapati za moto ili nisionekane nimekuja kuchungulia, ingawa ndicho kilichonileta. Nilipoegesha gari nikakohoa, kama inavyotakiwa, ili anayetaka kujiweka sawa ajiweke. Kisha nikatazama.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo tunavyosema. Mama mkwe hakungoja hiyo ya tatu. Alikuwa anafagia. Alikuwa ameshafagia mbele ya nyumba yetu, akamaliza mbele ya nyumba ya jirani, na sasa alikuwa anaelekea kwenye bwawa, huku mtunza bustani amesimama na mikono mitupu akimtazama anavyomaliza kazi. Mgongoni, ndani ya kitenge, alikuwapo binti yangu, shavu limelala begani mwa bibi, macho wazi, ametulia kabisa. Mkoba sikuuona popote.

Mke wangu alikuwa amekaa kizingitini na kikombe cha chai. Akaniambia mtoto aliamka alfajiri, akakuta ni bibi yuko kitandani, akamtazama muda mrefu. Bibi akangoja. Mtoto akajilaza tena juu ya mkono wake, akalala. Mke wangu alinisimulia hayo akitabasamu na machozi yakimtoka, wala hakuyafuta.

Nilimwamkia mama kwa mbali, macho chini. Akaitikia, akamshusha mtoto. Mtoto akanikimbilia, akaona chapati, akasahau kwamba mimi ni baba yake. Nikampa kipande.

Hapo bibi akaegemea ufagio wake, akatazama upande wa mawe, akaanza kuzungumza na mjukuu wake.

"Mwambie baba yako, tumelala salama. Tunashukuru."

Nikainamisha kichwa. Nilidhani yamekwisha. Lakini hakuendelea kufagia.

"Mwambie pia, pale kwake uani, kati ya tangi la maji na ukuta wa nyuma, pana nafasi. Hapahitaji kukata mti. Chumba kimoja kinaingia, na choo chake. Mlango utazame kwa jirani, usitazame kwake. Paa lisigusane na lake. Bati si lazima liwe jipya."

Baba mkwe, aliyekuwa anakuja na mswaki mdomoni, akasimama pale pale. Mke wangu akaweka kikombe chini.

Ikanichukua muda kuelewa nilichokisikia. Miaka yote ile mama huyu alikaa uani kwangu kwenye kigoda, na mimi nilidhani anahesabu saa za basi. Kumbe alikuwa anapima. Alijua ukuta ulipo, alijua jua linaingilia wapi, alijua mlango utazame wapi. Alikuwa na nyumba nzima kichwani, na hakuwa na njia ya kuitaja, kwa sababu mkwe haombi. Mtu wa kuisema kwanza alikuwa mimi, na mimi nilikuwa nimeshughulika kununa.

Nilichuchumaa mbele ya binti yangu, kwa kuwa ndiye niliyekuwa na ruhusa ya kumjibu.

"Mwambie bibi, msingi tunachimba wiki hii."

Mdomo wa mtoto ulikuwa umejaa chapati. Lakini bibi alikuwa ameshageuka, akamwita mumewe, akaanza kumwonyesha kwa mpini wa ufagio, pale pale kwenye mchanga aliotoka kuufagia, dirisha litakaa upande gani.