Kitabu cha Mpelelezi Mnadani Machochwe

Baiskeli yangu ilichoka kabla yangu, na mimi nilichoka kabla ya kuzaliwa. Miaka ile ya hamsini nilikuwa natoka Issenye na sanduku la vitabu nyuma, naenda kuuza kwenye minada ya ng'ombe. Vilima vya kule ukianza kupanda ukiwa kijana, juu unafika na mvi. Siku nyingi sikuiendesha hiyo baiskeli, niliisukuma kama mgonjwa.

Shule mimi niliiona kwa nje tu, nikipita na mbuzi. Kusoma sijui. Lakini kuuza kitabu kunataka mdomo. Mke wangu alisoma misheni, basi kitabu kipya kikija kutoka Musoma ananisomea huku anapukuchua mahindi. Mimi nakamata maneno mawili matatu, mengine naongeza njiani. Mpaka nifike mnadani, maiti mmoja amekuwa saba.

Safari hiyo nilibeba vitabu kumi na viwili, vyote vya namna moja. Tajiri anakutwa amekufa chumbani, halafu anakuja mtu mwerevu kutafuta nani kamuua. Nikatandika gunia Machochwe, miguu inatetemeka kama ya ndama wa saa moja, nikaanza kunadi.

"Kitabu kipya hiki, kina mpelelezi hajawahi kutokea. Anaingia boma la mtu, anatazama kila kitu, anatoka, mwenye boma hana habari. Ukimsoma huyu, kazi yote umeijua."

Watu wakanigeukia. Mzee mmoja wa Kikurya akasogea na fimbo yake.

"Mura, wewe kijana, rudia. Anatazama nini?"

"Shikamoo mzee. Kila kitu. Hata mlango unavyofungwa."

"Na wewe unazunguka vijiji vyote na hili sanduku?"

"Vyote, mzee."

"Hata kwangu ulipita ukaomba maji. Ukasifu zizi."

"Lilikuwa zizi zuri, mzee."

"Lilikuwa. Juma lililopita wamelimaliza."

Ndipo nikajua nimesema nini. Kwa watu wale mpelelezi ni yule anayetangulizwa na wezi wa ng'ombe. Anapita kama mgeni, anahesabu mifugo, anaona mlango, halafu anarudi kuwaambia wenzake. Mimi nimesimama mbele ya mtu aliyeibiwa, nauza mafundisho ya kazi hiyo.

Wakanipeleka kwa karani wa chifu, palepale mnadani. Akasema kama ni kweli, sanduku linabaki kwake, na mimi Machochwe sikanyagi tena. Sikuwa na kazi nyingine. Shamba langu lilikuwa dogo, kunguru akitua anabakiza mkia nje.

"Kisome, bwana karani," nikamwambia. "Mimi sijui hata jina lake."

"Unauza usichokijua?"

"Na wewe unanihukumu kwa usichokisoma."

Akasoma kwa sauti, tangu jua la utosini. Watu wakaacha ng'ombe wakaja kukaa. Mimi nilisinzia wima.

"Huyo mpelelezi mbona hatazami nyayo?" mmoja akauliza.

"Mtu wa mjini huyo. Nyayo atazionea wapi, na watu wamevaa viatu."

"Muuaji ni mpishi. Anajibu haraka mno."

"Mwache karani asome, wewe."

Jua lilipolegea tukafika mwisho. Muuaji alikuwa ndugu wa marehemu, akafungwa pingu. Yule mzee akanigusa kwa fimbo.

"Kumbe huyu anakamata. Sasa kwa nini unamwita mpelelezi? Huyu ni mfuata nyayo. Mwite hivyo."

Karani akanirudishia sanduku, akasema niuze, ila neno lile nisilitaje tena. Nikarudi kwenye gunia, nikaanza upya.

"Kitabu kipya cha mfuata nyayo. Tajiri kafa chumbani, nani kamuua?"

"Ndugu yake," mnada mzima ukajibu.

"Alimnyonga kwa mkanda," akaongeza mama muuza togwa, bila hata kuniangalia.

Hakununua mtu. Nikafungasha vitabu kumi na kimoja, maana karani alisema hicho kimoja kuna mahali hajapaelewa vizuri.

Mzee akanishikia baiskeli nikikaza kamba.

"Utaleta kingine?"

"Nitaleta, mzee."

"Kilete kwangu kwanza. Huyu karani akikishika, umekwisha."

Nikamwambia asante, nikaanza kusukuma.