Ushuhuda wa Kipimo Ambacho Sikupima

Jamani, hili nawasimulia kwa vile mmening'ang'ania, maana mimi ningependa nife nalo, na anayejiandaa kucheka acheke mapema, mbele hakuchekeshi.

Mnajua nilichofuata Toronto. Baada ya PhD nilichukuliwa kwenye mafunzo ya watafiti wa kuzuia na kudhibiti saratani, ambako unafundishwa namna ya kuwashawishi watu wapime kabla ugonjwa haujawawahi, na kila mmoja wetu anapewa jamii yake ya kufanyia kazi. Mimi, kwa ajili ya Kiswahili, nikapewa kina mama wa Kikongo wa kanisa moja kule Malton (wanasali kwenye ghala la kukodi karibu na uwanja wa ndege, ndege ikipita mchungaji ananyamaza, anasubiri, anaendelea). Kazi yangu ilikuwa wapime saratani ya mlango wa kizazi. Miezi minne naongea, nagawa vipeperushi, wananisikiliza, wananilisha mpaka nashindwa kuinuka, na haendi hata mmoja.

Siku moja mmoja wao, Mama Furaha, anayefanya kazi ya kutunza wazee, akanivuta jikoni mwa kanisa akaninong'oneza kwamba hedhi yake ilikoma miaka mingi iliyopita, na sasa damu imerudi. Nilishtuka, jamani. Nikamwambia mama, hilo si la kungoja, twende. Akanitazama.

"Na weye dokta, ulishafanyaka ile kipimo?"

Sasa niseme ukweli, sijawahi. Mimi, ninayelala na kuamka na saratani kichwani, nakiogopa kile kitanda cha kupimiwa vibaya mno, na barua za kunikumbusha nazitia kwenye droo. Nikajibu, "Ndiyo mama, mwaka jana. Hata sikusikia kitu." Nikajiambia ni uongo mdogo, wa kumwokoa mtu, utaishia hapohapo jikoni.

Uishie wapi! Kwa wale kina mama, aliyevushwa jambo hanong'oni, anasimama mbele ya kanisa anatoa ushuhuda. Jumapili nikasikia, "Dada dokta ana neno!" na vigelegele juu. Profesa wangu, mama wa Kizungu mpole, alikuwa kiti cha nyuma amekuja kuona ninavyofanya kazi, haelewi neno, anaona machozi tu, na mimi (Mungu anisamehe) badala ya kukatiza nikanogesha, nikaeleza kitanda, nikaeleza nesi alivyonishika bega, nikaeleza nilivyotoka pale mwepesi. Wakajiandikisha kumi na mmoja palepale, Mama Furaha wa kwanza. Profesa akanikumbatia akasema wenzangu wote kwenye mafunzo waje wajifunze kwangu.

Siku ya kliniki ikafika. Nesi alikuwa Mkenya, nilimtafuta mwenyewe makusudi, kina mama wasihitaji mkalimani. Wengine walitoka zamu ya usiku wakaja moja kwa moja, macho mekundu. Mama Furaha akanishika mkono, akasema, "Tangulia weye, sisi tuone." Nami kwa kiherehere changu nikampa nesi kadi yangu ya afya, nikawaita kina mama, sogeeni, sogeeni muone hakuna la kutisha.

"Mara ya mwisho ulipimwa lini?" nesi akauliza.

"Mwaka jana."

"Wapi?"

"Hapahapa Toronto."

Akabonyeza kompyuta, akabonyeza tena. "Lakini dada, hapa hakuna kitu. Umetumiwa barua mara tatu na hujawahi kuja."

Nikasema labda kompyuta imekosea. Yule dada wala hakubishana, akatabasamu akasema, "Basi si neno, ingia nikupime sasa hivi." Mlango ukawa wazi mbele yangu. Kumi na mmoja wananitazama. Ningeingia tu, jamani, ningeingia tu yote yangeisha! Miguu ikagoma. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Leo siwezi, nina mkutano."

Hakuna aliyenitukana. Mama Furaha aliliokota koti lake taratibu, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni.

"Kama weye dokta unaogopa, miye ni nani?"

Wakatoka wote. Profesa akaingia na boksi la donati la kutupongeza, akakuta viti kumi na kimoja vitupu na mimi nimejiinamia kwenye cha kumi na mbili. Nikamweleza yote. Akaweka boksi chini, akaanza kuvirudisha viti ukutani kimoja kimoja, na afadhali angenigombeza.

Wiki iliyofuata nilipima, nikaenda na karatasi ya kipimo mpaka kwa Mama Furaha. Alinipokea vizuri, akanipikia chai, akaisoma karatasi, akanirudishia. "Mutoto yangu, nimekusamehe. Lakini kwenda, siendi."

Nimeapa, sitamwambia mtu tena nimepita mahali ambapo sijapita, hata kama ni kwa faida yake, hata kama ni jikoni. Kiapo chenyewe kimechelewa. Nampigia kila Jumatatu. Anapokea, ananiuliza habari za nyumbani, anacheka kidogo, na nikianza tu kusema, "Mama, ile damu," ananiambia basi limefika, anapanda, tutaongea.