Kitabu Hakikusema Mwendo

Mama yangu hakuamini kitu chochote kilichokuja kimefungwa. Fungu la mboga ya sukuma alilifungua palepale kibandani, akageuza kila jani, na mwenye kibanda akabaki kumtazama tu. Mchungaji akimtembelea, alimuuliza kwanza nani amemtuma. "Kikulacho ki nguoni mwako," alipenda kusema, kisha ananiangalia mimi, mtoto wake wa pekee, kana kwamba nguo yenyewe ndiyo mimi. Tabia hiyo niliirithi yote, pamoja na miguu yake mikubwa.

Kwa hiyo siku niliyokiona kile kitabu katika Soko la Toi, sikukichukua vivi hivi. Nilikuwa natafuta vitabu vya picha vya watoto ninaowafundisha chekechea huko Gatina. Muuzaji aliniona nikikigeuza.

"Madam, hiyo ni ya muziki. Beba tu kwa bei ya kutupa, hakuna mtu anaitaka."

Neno hilo peke yake lilinitia shaka. Rahisi huvunja upishi. Nilikikagua ukurasa kwa ukurasa nikitafuta uliochanwa, na sikuupata. Kilikuwa kitabu kinene cha nyimbo za kienyeji za Ireland, zimeandikwa kwa noti, kila moja mistari mitatu minne hivi. Noti nazijua, nilifundishwa sekondari, na filimbi yangu ya plastiki ya shule bado ninayo. Kilichonisumbua ni yale yaliyokosekana. Hakukuwa na maneno ya kuimba. Hakukuwa na jina la mtunzi. Hakuna palipoandikwa kama wimbo uende mbio au uende taratibu. Nani anachapisha kitabu kizima cha nyimbo, halafu anakaa kimya namna hiyo? Nilikinunua ili nimkamate.

Nilizijaribu chumbani kwangu, ghorofa ya tatu, dirisha likiwa limefungwa kwa sababu jirani mmoja alishaanza kuuliza filimbi hiyo inaita mizimu gani. Nyingi zilinipita bila kunigusa. Kisha nikafika kwenye wimbo mmoja ambao jina lake, kwa Kiingereza, lilimtaja mjane wa ng'ambo ya mto. Hapo nilisimama. Mama ni mjane, na kwao ni ng'ambo ya mto. Nikajiambia: mjane ni kilio, na kilio hakikimbizwi. Nikaupiga polepole, noti moja moja, na ulikuwa mzuri. Hivyo ndivyo mtu mwenye shaka anavyodanganyika. Anashuku kitabu chote, halafu anaamini kichwa cha wimbo.

Wakati huo Mama alikuwa ameanguka na kuumia nyonga, analala tu katika chumba chetu cha mabati kule Gatwekera. Nilimsihi ahamie kwangu akakataa. Nyumba zilizopandana hakuziamini, hasa zile ambazo mwenye ploti anaishi kwingine. Basi nikitoka kazini nilivuka Ngong Road, nikapita Toi, nikashuka kwake na filimbi mkobani. Nilipompigia wimbo wa mjane mara ya kwanza, alifumba macho mpaka mwisho.

"Aliyeandika hiyo alikuwa mjane kweli?"

"Kitabu hakisemi, Mama."

"Basi kuna kitu inaficha. Piga tena."

Ikawa ndio wimbo wake. Na mimi nilijua kwa nini. Nilipokuwa darasa la nne, Baba alikula chakula cha jioni akiwa mzima, asubuhi hakuamka. Mbele ya waombolezaji wote, mdogo wake Baba alimuuliza Mama swali moja: "Alikula nini?" Hakuna aliyemshtaki. Swali tu, na swali hilo halikuondoka tena. Wanaomjua Mama wa zamani wanasema muziki wa benga ukilia harusini, watu walimpisha uwanja. Mimi sijawahi kumwona akicheza. Mjane akitikisa bega watu huuliza anafurahia nini, na yeye alikuwa ameshaulizwa ya kutosha. Huo wimbo wa polepole ulimfaa: haukuwa na mahali pa mtu kumshuku.

"Siku yangu ikifika," akaniambia, "unipigie hiyo. Hapana ingine."

Nikakubali.

Kinyozi wa chini ya jengo letu ndiye aliyeniharibia. Nilikuwa napita mlangoni pake akaniita.

"Madam, sasa? Hiyo ngoma unapuliziaga huko juu, naijua. Niko na video kwa simu, wasee wanairuka."

"Huwezi kuwa unaijua."

"Cheki hii."

Kwenye simu yake kulikuwa na chumba kimejaa wazungu, fidla mbili, meza yenye glasi za bia, na mwanamke wa makamo aliyevaa raba akirukaruka sakafuni huku anacheka. Nikamwambia si huo. Nilimshuku anataka kunichezea akili. Lakini nilipanda juu, nikaleta kitabu, nikafuata kwa kidole wakati simu inalia. Noti zilikuwa zilezile, zote, ila zinakimbia kama watoto wakitoka darasani.

"Mbona wewe huipiga kama imekufa?" akaniuliza, wala hakuwa na ubaya.

Nilikasirika nusura nimpige na kitabu. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia muuzaji wa Toi, nikawakasirikia watu wa Ireland wote walioandika ngoma ya kilabuni bila kusema ni ngoma ya kilabuni. Kisha hofu ikanishika. Siku ya mazishi, Baba mdogo angekuja kumuaga shemeji yake. Siku hizi simu inajua kila wimbo. Ingetosha kijana mmoja kunong'ona kwamba huo ni wa kuruka na bia, na lile swali la zamani lingeamka juu ya jeneza la Mama, naye hayupo wa kulijibu.

Nilipoenda tena Gatwekera, nilipiga wimbo mwingine.

"Huyo ni nani umeleta? Wapi mjane wangu?"

"Nimemchoka kidogo, Mama."

Akanikazia macho. "Nyathina, mwanangu, mimi nimekuzaa. Unanificha nini?"

Huwezi kumdanganya mtu anayegeuza kila jani la sukuma. Nilimwambia yote, nikatoa simu, nikamwonyesha. Alitazama uso ukiwa umekunjamana.

"Hao wanakimbia nini? Nani anawafukuza?"

"Ndivyo unavyopigwa kwao. Mimi ndiye nilikosea."

"Weka tena." Nikaweka. Akaisogeza simu karibu na pua. "Huyu mama anaruka, yeye ndiye mjane?"

"Sijui. Labda anacheza tu."

"Na hakuna mtu anamuuliza kitu?"

"Hakuna."

Akailaza simu kifuani, akageuzia uso ukutani. Nilidhani anaumwa.

"Piga hiyo ya mbio," akasema.

Nilijaribu. Vidole vilipishana, nikakosea, nikaanza upya, filimbi ikapiga mluzi mbaya na Mama akacheka. Nilipoupata kidogo, niliona blanketi linatikisika upande wa mguu wake mzima. Vidole vya mguu vilikuwa vinacheza, na havikuwa vinajaribu, vilikuwa vinajua. Nilifurahi, na palepale nikaingiwa na hasira kwa ile miaka yote ambayo vidole hivyo vilinyimwa.

"Siku yangu," Mama akasema, "anza na ile ya polepole. Wakae, wapanguse macho. Halafu umwachilie huyo mjane."

"Baba mdogo atashuku."

"Huyo alishuku kitambo. Mpe sababu."

Mama alipofariki, tulimuaga palepale Gatwekera, kwenye kiwanja kilicho nyuma ya nyumba, kabla ya kumsafirisha kijijini kuzikwa. Baba mdogo alikaa mstari wa mbele, mzee sasa, kofia magotini. Kinyozi alikuja pia na kusimama nyuma kabisa. Nilipiga polepole, watu wakainamisha vichwa, wakapangusa macho kama Mama alivyosema. Nikavuta pumzi, nikamwachilia mjane. Vichwa viliinuka. Baba mdogo alinigeuzia uso uleule niliouona nikiwa darasa la nne, mdomo umeshaanza kufunguka kwa swali.

Sikumngoja aulize. Mwisho wa kila sehemu ya wimbo ule kitabu kimeweka nukta mbili, kumaanisha rudia. Kwa hilo nilikiamini, nikarudia.