Risasi Iliyopigwa Hewani

Siku yangu ya kwanza kazini niliamriwa nikae kimya na nisiguse kitu. Ilikuwa kambi ya mizinga, mbali sana na kwetu Issenye, na amri hiyo haikunisumbua hata kidogo. Mimi nimekulia nyuma ya ng'ombe, na mchungaji hasogelei kichaka asichokijua. Mkufunzi wetu alikuwa Kapteni, mtu mfupi mwenye sauti nzito. Alitupanga mbele ya mzinga akauliza: kombora likitoka mdomoni mwa mzinga huu, linakwenda wapi? Wenzangu wakajibu kwa pamoja kwamba linakwenda linakoelekezwa. Mimi nilishuku kwamba swali lile lina mtego, na kweli lilikuwa nao.

"Linaanguka," alisema Kapteni. "Tangu linapotoka mdomoni limeanza kuanguka. Kazi yenu ni kuchagua mahali pa kuangukia."

Hapo ndipo nilipoipenda kazi, kwa sababu ilikuwa kazi ya watu wasioamini macho yao. Elimu yenyewe inaitwa balistiki, yaani elimu ya mwendo wa vitu vilivyorushwa, na Kapteni alitufundisha historia yake kana kwamba anasimulia habari za ukoo wake. Baruti ilianza kwa Wachina. Ilipofika Ulaya, mafundi waliokuwa wakisubu kengele za makanisa ndio waliogeuka wakaanza kusubu mizinga. Risasi zake zilikuwa mawe yaliyochongwa kwa tindo yakawa mviringo. Mara nyingi mzinga ulipasuka ukaua waliouwasha, na adui akabaki upande wa pili akicheka. Wasomi wa wakati huo waliandika kwamba jiwe la mzinga hunyooka mpaka nguvu ziishe, kisha huanguka wima kama embe lililoiva. Waliamini hivyo vizazi na vizazi, ilhali kila mtoto aliyewahi kurusha jiwe ameona lilivyopinda.

Baadaye Mwitaliano mmoja wa hisabati akasema kwamba mzinga ukiinuliwa digrii arobaini na tano ndipo unapofika mbali kuliko pote. Mwingine akaonyesha kwamba njia ya kombora ni mchirizo uliopinda toka mwanzo hadi mwisho. Akaja Mwingereza, akaning'iniza gogo zito na kulipiga risasi ili apime mwendo wa risasi kwa kuangalia gogo limebembea kiasi gani. Huyo ndiye aliyegundua kwamba hewa, ambayo wenzake waliidharau, inaizuia risasi kupita kiasi. Kwa hiyo ule mchirizo mzuri wa kwenye karatasi haupo duniani. Kitu kilichorushwa mbali hupanda kwa mshazari, hewa ikakichosha, kikashuka karibu wima. Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu kuna mtu alikaribia kuuawa kwa kuwa wakubwa zangu hawakulishika.

Nilihudumu kwenye mizinga mpaka vita vya Uganda. Kule niliona magari ya kurusha roketi kwa mfululizo, yakilia mpaka meno yanauma. Niliona pia kombora la kuongozwa, lile la kubebwa begani, ambalo likishatoka hufuata joto la injini ya ndege na kugeuka inapogeuka. Meja wetu alilisifu kama bwana harusi anavyosifiwa na shangazi zake. Mimi sikulipenda. Kapteni alitufundisha kuchagua mahali pa kuangukia, na sasa chuma kinachagua chenyewe. Nilimwambia Meja kwamba kitu kinachobadili nia njiani sikiamini, awe mtu au liwe kombora. Akasema mimi nashuku hata uji wa asubuhi. Hakukosea, maana mpishi wetu alikuwa mwizi wa sukari.

Masikio yalipoanza kunipigia filimbi mchana kutwa, nilitolewa mizingani nikafanywa fundi silaha katika kikosi kimoja cha doria huku Mara. Jina la kikosi sitalitaja. Wengine bado wako hai na wanasoma. Kazi yangu ilikuwa kusafisha bunduki, kurekebisha zilizoharibika, na kuzikagua silaha zilizokamatwa. Mkuu wetu alikuwa Inspekta, mtu nadhifu aliyechukia maswali.

Ulikuwa wakati ule wa dhahabu kuchimbwa na kila mwenye sururu, kabla ya mgodi wa kampuni kuzungushiwa nyaya za uzio. Kijiji cha Nyangoto kilijaa watu kutoka kila upande, hata ng'ambo ya mpaka. Baruti za kupasulia mwamba zililia tangu asubuhi. Magobore yalikuwa mengi, nayo ni bunduki za kienyeji zinazoshindiliwa baruti mdomoni, kisha vipande vya nondo. Dhahabu iliingia kati ya ndugu ikawafanya walale jicho moja wazi. Mtu akinunua bati, jirani anauliza amelitoa wapi. Mtu akiugua, anaulizwa alikula kwa nani. Mimi niliyezaliwa na shuku zangu nilijiona mahali pale kuwa mtu wa kawaida kabisa.

Ndipo Wambura akafa. Alikuwa mkulima wa makamo pale Nyangoto, akipalilia mihogo mchana kweupe pamoja na mama yake, akaanguka kifudifudi juu ya jembe. Kabla ya giza kuingia walikuwa wameshamkamata Marwa, jirani yake. Wawili hao waligombea mpaka wa shamba kwa sababu mkanda wa mwamba wenye dhahabu ulipita chini yake, na kila mtu alikuwa amewasikia wakitukanana. Upande wa juu wa shamba la Wambura kuna jiwe kubwa, na Marwa alizoea kukaa juu yake akiangalia ng'ombe wake. Siku ile alionekana pale.

Daktari wa hospitali, mama mmoja mpole, alinikabidhi risasi aliyoitoa mwilini. Akanionyesha kwamba iliingia juu ya bega, kwenye shimo la shingo, ikashuka chini ikakata mshipa mkubwa. Inspekta alifurahi. Risasi imetoka juu, Marwa alikuwa juu. Kuna nini tena? Gobore halikuhusika, kwa kuwa risasi ilikuwa ya kiwandani, ndefu, yenye alama za mifereji ya msokoto iliyo ndani ya mtutu. Basi wakasema Marwa amenunua bunduki ya magendo akaificha. Wakachimba ua wake wote wakitafuta. Hawakupata kitu, na kutopata kwao kukawa ushahidi wa ujanja wake.

Mimi nilimshuku Marwa kama kila mtu, lakini risasi nayo nilianza kuishuku. Ilikuwa nzima, haikupinda hata ncha. Nilimuuliza daktari ilikuwa imeingia umbali gani. Akanionyesha kwa mkono wake: kiganja, si zaidi. Bunduki ya namna ile, ikipigwa kutoka kwenye lile jiwe, ingempitia Wambura ikazama ardhini. Hii iliingia kidogo ikakaa. Ilikuwa risasi iliyochoka, iliyotoka mbali sana.

Nikaenda kwa mama yake Wambura, bibi aliyeitwa Bhoke. Nilimwamkia shikamoo, nikamuuliza mlio wa bunduki ulitokea wapi. Akaniambia hakusikia mlio wowote wa karibu, alisikia baruti za mashimoni tu, na amewaeleza hivyo watu wa kikosi. Walimjibu kwamba uzee umeziba masikio yake. Mimi ambaye masikio yangu ndiyo mabovu nilikuwa nasema naye kwa kunong'ona, na hakuniomba nirudie hata neno moja.

Ng'ambo ya bonde lile, zaidi ya mwendo wa kilomita moja, kuna kilima. Siku hiyo hiyo doria yetu ilikuwa juu yake ikiwatawanya wachimbaji. Askari watatu walipiga risasi za onyo, kila mmoja moja. Walirudi wakatoa taarifa kama walivyofundishwa: risasi zimepigwa hewani, hakuna madhara. Katika kikosi kile hewani palihesabiwa kama ghala. Ukishatia kitu humo, hakitoki tena. Nilikuwa nimeisikia taarifa hiyo mara nyingi na kuipokea bila swali, kama wenzangu wote. Nilikwenda nikasimama kwenye kile kilima, nikaelekeza mkono juu kwa mshazari kama askari mchovu anavyoinua bunduki. Mbele yangu, ng'ambo, niliiona mihogo ya Wambura.

Inspekta alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango.

"Ikiwa ni kweli, ni yupi kati ya watatu?"

Nilimwambia kila mtutu huacha alama zake, na Dar es Salaam kuna darubini ya kuzilinganisha. Tupeleke risasi na bunduki zote tatu.

"Tutaanza na risasi," akasema.

Risasi ikapelekwa, na haikufika. Ilipotelea njiani, wakasema. Sina ushahidi. Nina shuku, na shuku hizo nitazikwa nazo.

Marwa akaachiwa kimyakimya, bila maelezo. Watu wakamaliza maelezo wenyewe: amehonga dhahabu. Hakuna aliyemkaribisha kula. Mke wake alipofika kisimani wanawake waliinua ndoo zao wakaondoka. Ndugu wa Wambura walianza kupita mbele ya mji wake wakiwa na mapanga, bila salamu, na mtu yeyote wa huku anajua hilo lina maana gani. Alipokuwa mahabusu angalau alilindwa na mlango. Sasa kila asubuhi ilikuwa ya kubahatisha, na nilijua kwamba wakimuua, watakuwa wamemuua mtu asiye na hatia, nami najua.

Wazee wakaitisha iritongo, baraza la jadi la kijiji, kuamua jambo hilo kabla damu haijamwagika tena. Inspekta alisema kikosi hakihusiki na mambo ya kienyeji. Nilivua sare nikaenda. Niliogopa, nisijifanye shujaa. Mimi si Mkurya kama wao, na nilikuwa naenda kuwaambia watu wenye uchungu kwamba risasi imetoka kikosini kwetu.

Niliwaeleza yote: kiganja, kilima, kuchoka kwa risasi. Nilitegemea kuzomewa. Mzee mmoja aliyekuwa kipofu wa jicho moja akauliza kama risasi inafanya kama mshale. Zamani wakigombania ng'ombe, akasema, mtu aliyejificha nyuma ya ngao hapigwi mbele. Unapandisha mshale juu, unamshukia mabegani. Nikasema ndivyo hasa. Wazee wakaguna kwa pamoja, na nikaona ndugu wa Wambura wakiangaliana. Lile ambalo mimi nilifundishwa na Kapteni kwa chaki, baba zao walifundishwa kwa makovu.

Kisha Bhoke akaomba nafasi ya kusema, akaniita mura, yaani kijana.

"Hao watatu, mura, wanajua?"

"Hapana, mama. Wanajua walipiga hewani."

"Nenda uwaambie. Wote watatu. Mmoja akijua peke yake itamuua. Wakiwa watatu, wataibeba."

Nikarudi nikawaambia, mmoja baada ya mwingine. Mmoja alinitukana. Mmoja aliuliza marehemu alikuwa anafanya nini, nikamjibu, akaenda kukaa chini nyuma ya jiko. Mmoja alisema bunduki yake aliiinua wima, akalirudia hilo mpaka nikamwacha. Nilimshuku kila mmoja kwa zamu, na sikupata pa kusimama.

Walichanga wakanunua ng'ombe dume, wakampeleka wenyewe wakiwa bila sare. Wazee wakampokea, akachinjwa. Kwa desturi, anayeshukiwa akila nyama pamoja na wafiwa, jambo limeisha. Bhoke mwenyewe ndiye aliyekata kipande cha kwanza akamwekea Marwa mkononi, ndugu wote wakitazama. Marwa alikula huku machozi yanamdondoka, hakuyafuta. Nami nililia, wala sioni aibu kusema.

Inspekta alinipatia uhamisho kabla ya mavuno. Nilipelekwa wilaya ya Serengeti, nikamalizia kazi Mugumu nikikagua bunduki za wawindaji haramu, chini ya wakubwa wapole na wakali. Nilijenga nyumba ndogo Morotonga, karibu na mji huo, kisha nikastaafu nikarudi kwetu Issenye. Vijana wa sekondari huja na bodaboda kuniuliza habari za makombora ya siku hizi, yanayopita dirishani kwa mtu aliyechaguliwa, akiwa nchi nyingine kabisa. Wananiuliza kama siyaogopi. Nawaambia historia yote hii, toka mawe ya kuchongwa, ni ya binadamu kujitahidi kuchagua mahali pa kuangukia, na amefaulu kupita kiasi. Lakini kombora lile lina mwenyewe, anajulikana aliyelituma. Wambura aliuawa na kitu ambacho hakuna aliyekituma kwake. Hicho ndicho ninachokiogopa.

Baada ya kustaafu nilikwenda Nyangoto kumwamkia Bhoke. Alikuwa amezeeka sana, anaota jua mlangoni. Nikamuuliza kama hajawahi kutamani kumjua aliyempiga mwanawe.

Akaniambia kwamba mwaka ule, mvua zilipoanza, wale askari watatu walikuja na majembe wakamlimia shamba. Mwaka uliofuata wawili hawakuja. Mmoja alikuja, na akaja tena mwaka wa tatu, na hajaacha mpaka leo, ijapokuwa sasa naye ni mzee na anahema.

Nilimuuliza ni nani. Safari hii aliniita tata, yaani baba.

"Sikwambii, tata."

Nilimweleza, kwa heshima, kwamba huo si ushahidi. Anayekuja anaweza kuwa si yeye kabisa. Anaweza kuwa ndiye mwenye huruma tu kuliko wenzake.

"Najua," alisema Bhoke. "Ndiyo maana sikwambii."