Nyimbo za Baba Zilizofutwa

Ilianza Jumanne, saa nne na nusu asubuhi. Najua saa kwa sababu kengele ya mapumziko ya shule yetu ilikuwa inagongwa kule chini, na mimi sikuwa shuleni. Nilikuwa uani kwetu Kirumba, nimekaa juu ya jiwe nyuma ya turubai la msiba, sabufa ya baba ilipowashwa ikaanza kuimba kwaya.

Hata leo, nikiwa kidato cha nne, nikisikia sabufa inapiga kwaya kwenye msiba wa mtu nisiyemjua, machozi yananitoka. Watu hudhani namlilia marehemu wao. Nawaacha wadhani hivyo.

Baba alikuwa fundi wa injini za mitumbwi kule Mwaloni, kwenye soko la samaki la ziwani. Alirudi ananuka petroli na dagaa, harufu ambayo sabuni ya mche haikuiweza. Jumamosi jioni alikuwa akioga, anavaa fulana safi, anachomeka flashi kwenye sabufa, kisha tunakaa mlangoni, mimi na yeye, hatuongei. Nyimbo alipewa na mzungu mmoja aliyemtengenezea injini ya boti. Hazikuwa na majina, namba tu. Zilikuwa za wazungu na watu weusi wa huko Marekani, gitaa linakwaruza kama tindo kwenye bati, ngoma inakwenda vilevile mwanzo hadi mwisho, na mtu anaimba kama vile kaamka na homa.

Majirani walikuwa wanacheka. Upande huu wanapiga singeli, upande ule injili, katikati sisi na kelele zetu. Mama Neema wa nyumba ya pili aliwahi kumwuliza baba kama redio ni mgonjwa au ndiyo ilivyozaliwa. Baba akamjibu kwamba ina mafua, itapona. Lakini mimi aliniambia siku moja, bila mimi kumwuliza: "Huu muziki haujipambi, mama. Mtu kaumia, anasema nimeumia, basi." Aliniita mama kwa sababu nina jina la mama yake.

Sikuelewa maneno ya nyimbo zile hata moja. Nilipenda wimbo wa nne. Ulianza na gitaa peke yake, kama mtu anayegonga mlango na hana haraka.

Baba alianguka Jumapili akiwa kazini. Presha, walisema. Nilikuwa na miaka kumi.

Basi Jumanne ile ya msiba, baba mdogo Magesa, mdogo wake baba aliyetoka kijijini kwao Majita, alisema msiba wa kaka yake hauwezi kukaa kimya kama wa mtu asiye na ndugu. Akachomoa flashi kwenye sabufa, akaenda nayo kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo karibu na uwanja wa mpira, akarudi. Kwaya zikapigwa kutwa nzima, na wanawake waliokaa kwenye mikeka wakawa wanaitikia. Nilijua kwamba flashi ni ileile. Nilijiambia kwamba za baba zimo bado, zimesogezwa tu.

Tulipotoka kumzika baba huko Majita, nyumba ikiwa imebaki na viti vya plastiki vya kurudishwa, nilichomeka flashi nikabonyeza mbele, mbele, mbele. Kwaya. Kwaya. Kwaya. Nilifika mwisho ikarudi kwenye wimbo wa kwanza. Nikaanza tena.

Baba mdogo akanikuta hapo. Akaniuliza natafuta nini. Nilipomwambia, kwa sauti ndogo mpaka akainama, alishika kichwa. "Zile kelele? Flashi ilikuwa imejaa, mama. Nikamwambia kijana afute zote ili kwaya zipate nafasi. Sikujua kama kuna mtu anazitaka."

Nikasema, "Sawa, baba mdogo." Niwaambie ukweli, ningeweza kulia na angenikumbatia, maana alikuwa mtu mpole. Lakini mimi ni mtu wa kusema sawa.

Kuanzia hapo kazi yangu ikawa moja: kuushika ule wa nne usitoke kichwani. Sikuwa na mtu wa kunikumbusha. Niliuimba kimyakimya njiani, darasani, nyuma ya choo. Mama akinisikia alikuwa anasema, "Acha huo," bila ukali, kisha anageukia sufuria. Nikaacha kuimba karibu naye, tukawa watu wawili ndani ya nyumba moja, kila mtu na lake. Na wimbo ukaanza kupungua. Bodaboda inapita na singeli, nikiurudia wimbo nakuta kipande hakipo. Ilipofika likizo ya Juni nilikuwa nimebaki na ule mwanzo tu, ule wa kugonga mlango. Nilikuwa naogopa kulala, nisije nikaamka nao haupo.

Jumamosi moja mama alinituma kanisani na chupa ya chai ya wanakwaya. Nilimkuta mwalimu Elisha, mpiga gitaa la solo wa kwaya, peke yake, anajaribu spika. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akasema wenyewe bado hawajafika, weka hapo. Nikaweka. Sikuondoka. Akaniangalia.

"Mwalimu, naomba nikuimbie kitu."

Sijui nilipata wapi kinywa. Niliimba nikiangalia chupa ya chai. Akatafuta kwenye nyuzi za gitaa, akakosea, akaniambia nirudie, akapata. Kisha akageuza kitufe cha spika mpaka sauti ikakwaruza, akapiga tena. Halafu akaendelea. Alipita pale nilipoishia, akaenda mbele, kwenye vile vipande nilivyovipoteza, na vilikuwa vyenyewe.

"Unaujua huu wimbo?" nikamwuliza.

"Siujui."

"Sasa umejuaje huko mbele?"

Akanionyesha kwenye shingo ya gitaa. "Hauna njia nyingine. Unaanzia hapa, ndiyo nyumbani. Unakwenda kwa jirani, unarudi nyumbani. Unakwenda mbali kidogo, unapita tena kwa jirani, unarudi. Nyimbo zao nyingi zinapita humohumo. Ni sehemu tatu tu, utapoteaje?"

Wanakwaya wakaanza kuingia. Mama mmoja wa sauti ya pili akauliza hilo ni pambio gani. Mwalimu akasema jipya, la mgeni.

Nilirudi nyumbani nikilia njia nzima. Sikuwa na huzuni ya kawaida. Mtoto niliyekuwa alidhani wimbo ni kitu kilichowekwa mahali, kikifutwa kimekwisha. Miaka imepita ndipo nimeelewa alichokuwa anakisikia baba: muziki mwepesi kiasi kwamba fundi wa Mwaloni asiyejua Kiingereza anaweza kuubeba, na mpiga gitaa wa kwaya anaweza kuurudisha. Siku hizi nikiwa na bando nasikiliza vijana wa nchi za mbali, wa umri wangu, wanapita njia ileile ya nyumbani na kwa jirani, wala hawajachoka. Wimbo wa nne wenyewe sijawahi kuupata. Nasikiliza peke yangu, kama kawaida, ila siku hizi sisikilizi kwa hofu.

Asubuhi iliyofuata siku ile ya chupa ya chai, kabla ya ibada, nilikaa kizingitini na wembe nikakata kucha za mkono wa kushoto, zilizokuwa zimerefuka kwa likizo. Mama alikuwa anawasha jiko. Akaniuliza mbona wa kulia nimeuacha. Nikamwambia wa kushoto ndio wa kubonyeza nyuzi, kwamba nataka kujifunza gitaa, nipige nyimbo za baba. Akaja akachuchumaa mbele yangu, akauchukua wembe, akashika kidole gumba ambacho ukucha wake nilikuwa nimeukata vibaya, akausawazisha.