Sahani ya Mama

Harufu ya bukari, ugali wetu, iliyoshika chini ya sufuria inatoka jikoni. Mjukuu wangu anapanga sahani mkekani.

Mama alinifundisha kuhesabu kwa mchezo huo wa kupanga sahani kabla sijajua namba. "Ita muntu, weka sahani," alisema. Nami niliimba: ya baba, ya kaka, ya dada, ya miye.

Dada alinicheka kwa kujiwekea sahani kubwa. "Muone ule, yake njo kubwa!"

"Yote inatosha, mama!" nilisema.

"Bien, mwalimu yangu. Ni nani unasahau?"

"Hakuna."

Mama alitabasamu, akatupakulia, kisha akakwangua ukoko na kuula akiwa amesimama. Kila jioni aliuliza, kila jioni nilijibu vile vile.

"Kambo, inatosha!" mjukuu ananiita kwa neno letu la babu na bibi.

"Bado, mutoto wangu. Ya mama yako iko wapi?"