Ndege Mmoja Asiyeigwa

Shangazi Merlita Ayog alizunguka shule za milima ya Arakan akiwa na tai wa kitambaa begani na noti ya piso elfu moja ndani ya mfuko wa nailoni. Noti ilikuwa ya ofisi ya misitu, si yake. Akiwaonyesha watoto picha ya tai iliyo kwenye noti, aliwaambia, "Huyu ndiye ndege wa taifa. Nchi nzima inamjua kwa sura tu. Nyinyi ni majirani zake, kwa hiyo msiniaibishe."

Kisha aliigiza. Nimezaliwa msituni, lakini sijapata kusikia mdomo kama ule. Alipiga mluzi mrefu wa banog, ndivyo tunavyomwita tai wetu, akabweka kama hondohondo, akalia kama tumbili aliyemwona banog juu ya kichwa chake. Watoto walivunjika mbavu. Mwishoni hakukosekana mmoja wa kuomba, "Na limokon, shangazi!" Hapo uso wake ulibadilika. "Huyo haigwi," alisema, na kipindi kiliishia hapo.

Sisi Wamanobo hatuulizi kwa nini. Limokon ni njiwa mdogo wa kijani, na yeye ndiye hutuambia kama safari ina heri. Akikulilia kushoto, unarudi ulikotoka, na njia ile haipitwi na mtu wa nyumba yako mpaka jua jipya lichomoze na kuku achinjwe. Kumwiga ni kuwasemea waliotutangulia jambo ambalo hawakulisema.

Mwaka ninaousimulia, banog jike alikuwa na kinda juu ya mti wa lauan bondeni kwetu, na shangazi alimlinda kinda yule kama mboni ya jicho. Banog hutaga yai moja tu, kisha hupita kama miaka miwili kabla hajataga tena. Ubaya ni kwamba mama mtu alianza kumlisha mwanawe mbuzi wa binamu yangu Osting, wale aliowafuga kwa ajili ya karamu ya mtoto ambaye mkewe, Nenita, alikuwa amembeba tumboni.

Walikutana bombani, shangazi na Osting, watu wakiwa wamejipanga na madumu yao.

"Shangazi, taifa gani hilo?" Osting alisema. "Lilishakuja hapa likala viazi na sisi? Ndege wao anakula mbuzi wangu, wao wanampiga chapa kwenye noti nisiyowahi kuishika."

"Mpige risasi, basi. Wanao watamjua kwa noti tu."

"Afadhali. Maana yake watakuwa na hela."

Watu wakaangua kicheko. Mimi pia nilicheka. Shangazi alijitwika dumu lake akaondoka.

Kesho yake asubuhi Osting alichukua bunduki yake ya kienyeji, ile inayofyatua gololi kama risasi. Nilimfuata kwa sababu ni binamu yangu, na kwa sababu nilikuwa nimeahidiwa paja la mmoja wa mbuzi wale. Tulilala kifudifudi kwenye matope chini ya ule mti. Banog akatua kiotani na nyoka makuchani, kifua cheupe, manyoya ya kichwani yamesimama, na kinda akaanza kupiga kelele za njaa. Osting alilenga. Nilisikia akizuia pumzi, nami nikazuia yangu.

Ndipo akalia limokon. Kushoto kwetu, karibu kabisa, sauti nzito ya chini. Akanyamaza, akalia tena.

"Umesikia?" Osting alinong'ona.

"Kushoto."

Alishusha bunduki. Jasho lilimtoka kama mtu wa homa. "Mke wangu ana mimba," alisema, na tulirudi nyumbani bila kutazama nyuma.

Mchana Nenita alishikwa na uchungu. Baada ya muda mrefu Mama Sela, mkunga wetu, alitoka nje akijifuta mikono. "Mguu umetangulia. Hapa mimi siwezi. Mshusheni barabarani, sasa hivi."

Njia ya kwenda barabarani ni moja, na inapita chini ya ule mti wa lauan. Tulikuwa tumeshafunga blanketi kwenye mwanzi, machela iko tayari. Osting alikaa kwenye ngazi, hakuinuka.

"Njia imefungwa," alisema.

Tulimtazama datu, kiongozi wetu. Naye alitazama chini. "Mpaka kesho, kuku akichinjwa," alisema taratibu.

"Kesho mtambeba wa kuzika," alisema Mama Sela.

"Na nikimpitisha penye katazo, nitambeba wa nini?" Osting alikuwa analia. Msimwone mjinga. Kila mwanamume aliyesimama pale angekaa kwenye ngazi ile ile, na mimi niliogopa kuugusa ule mwanzi. Ndani Nenita alikuwa ameacha kupiga kelele, na hilo lilitutisha zaidi.

Shangazi Merlita alifika akitoka shuleni, tai wa kitambaa bado begani. Aliuliza, akaelezwa. Alimshusha yule tai, akamweka chini.

"Njia iko wazi. Mbebeni."

"Limokon amelia, shangazi," nilisema. "Tumemsikia sisi wenyewe."

"Mlinisikia mimi, nimejificha kichakani."

Osting alitikisa kichwa. "Unasema tu ili tuondoke."

Shangazi alimtazama datu kama mtu anayeomba ruhusa ambayo haipo. Aliweka viganja mdomoni. Ikatoka sauti ile ile, nzito, ya chini. Ikanyamaza, ikatoka tena. Wanawake wazee waliziba masikio. Mmoja alitema mate na kusema, "Njia ya mwongo ni fupi."

Osting aliinuka. Nilidhani atampiga, na sijui kama ningemzuia. "Nitarudi kwako," alimwambia, kisha akashika mwanzi.

Tulikimbia. Chini ya lauan banog alipiga mluzi juu yetu, hakuna aliyeinua macho. Nenita alifika kituo cha afya akiwa hai, na mtoto akatoka wa bluu, wa kike, akakaa kimya mpaka nikakata tamaa. Halafu akalia.

Nenita na mtoto walipopata nguvu, datu alikusanya watu kuhukumu kosa la shangazi. Faini ya kosa kama lile ni nguruwe. Osting alikataa nguruwe, na wote tulidhani ataomba ruhusa ya kumpiga banog. Shangazi naye alidhani hivyo.

"Nataka sauti yako," Osting alisema. "Usiige ndege tena. Yeyote. Hata kuku."

"Na banog?"

"Uliposema ukweli, ulijua nitarudi na bunduki?"

"Nilijua."

Osting alimweka mtoto vizuri kifuani pake. "Kinda wake akiruka, tutaongea tena. Wangu mwenyewe bado shingo haijakaza."

Shangazi bado anazunguka mashuleni na noti na tai wake wa kitambaa, ila vicheko vimepungua. Juzi nilimsindikiza, mtoto mmoja akaomba asikie mlio wa banog.

"Nenda bondeni ukamsikie mwenyewe."

"Na nisipomkuta?"

Shangazi alifungua mdomo, nikaona koo lake likijiandaa. Akaufunga.

"Usipomkuta," alisema, "basi hutamsikia tena."